Mafundo Saba Niliyoyaacha Kwenye Mafunjo

Siku niliyoacha mafundo saba kwenye kinamasi cha Bulumbi naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Ya harusi niliambiwa cha kufanya tangu asubuhi. Ile ya mafundo niliifanya kwa akili yangu mwenyewe, ndiyo maana haijanitoka.

Nakueleza kwa sababu ya swali lako la juzi. Ulirudi kutoka chuoni Busitema, viatu vimejaa tope, macho yanawaka, ukanionyesha kwenye simu picha ya nzohe jike, yule swala wa majini, amesimama katikati ya mafunjo. Ukasema, "Jaja, bibi yangu, niweke picha na ramani yake, kila mtu ajue mahali iko?" Nikakurudishia simu yako, nikaenda zangu jikoni. Hukuzoea kuniona nikiacha mazungumzo, nikaona umeshtuka. Jibu langu ndilo hili, na ni refu kidogo, kwa hiyo kaa.

Nilikuwa na umri kama wako, mimi Nabwire mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi. Niliishi Bulumbi kwa shangazi yangu Ajiambo, dada wa baba, ambaye sote tulimwita Senge. Kazi yetu ilikuwa kukata mafunjo, kuyaanika na kuyashona majamvi ya kuuza Malaba, mpakani. Wewe umeyaona mafunjo ukiwa barabarani ukafikiri ni majani tu. Ingia ndani hatua hamsini. Yanakupita kichwa, yanakufunga mbele na nyuma, chini ni mizizi iliyosukana ikaelea juu ya maji, na jua lenyewe hujui liko upande gani. Kwa hiyo wakataji walikuwa na mtindo wao. Unakwenda huku unafunga: unashika mashina mawili, unayakutanisha vichwa, unapiga fundo upande utakaorudia. Ukitoka na mzigo wako unayafuata moja moja, na kila unalolifikia unalifungua. Hilo la kufungua lilikuwa amri. Senge alituambia kwamba fundo likiachwa, kichwa cha funjo kinaoza, nami nikaamini sababu ni hiyo tu.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama na mundu wangu nikasikia maji yanachuruzika. Nikainua kichwa polepole. Hatua kama kumi mbele yangu nzohe jike alikuwa anatoka majini. Muda wote niliokuwa nakata na kuimba kwa hii sauti yangu mbaya, yeye alikuwa amezama mwili mzima, pua tu iko juu, ananisikiliza. Manyoya yake yalikuwa mekundu kama tofali lililotoka tanuruni, na mgongoni ana milia myeupe kama aliyepakwa chokaa kwa kidole. Na kwato zake, mwanangu! Ndefu, zimetanuka, utadhani ameazima viatu vya mtu mkubwa. Alitembea juu ya ile mizizi bila wasiwasi, mahali ambapo mimi nilikuwa nimezama hadi magotini. Nyuma yake, juu ya majani aliyoyakanyaga yakawa kitanda, alilala ndama mwenye masikio makubwa kuliko uso. Nilimpenda palepale. Nilisimama na mundu mkononi, machozi yananitoka, na hakuna aliyenipiga.

Sasa mimi kitu kizuri hakinikai moyoni, lazima kitoke mdomoni. Wa kwanza niliyemfikiria alikuwa rafiki yangu Athieno, binti wa Tororo aliyeuza dagaa karibu na majamvi yangu pale Malaba. Nilitaka aje amwone kwa macho yake. Basi nikatoka kinamasini siku ile bila kufungua fundo hata moja. Yalikuwa saba. Niliyaacha kwa makusudi, ili Athieno akija tufike moja kwa moja bila kupapasa.

Kesho yake Malaba, malori yamepanga foleni hadi huoni mwisho wake, nikamsimulia Athieno kwa mikono na miguu. Nikamwigiza nzohe anavyotembea, kwato na yote. Madereva wakacheka, na Athieno naye akacheka.

"Nabwire, wewe nadanganya. Mnyama ya kulala ndani ya maji kama kiboko, halafu inafanana mbuzi? Wapi!"

Iliniuma kuitwa mwongo mbele za watu. Ndipo mwanamume mmoja aliyekuwa ameegemea pikipiki, shati safi, sauti ya upole, akasema yeye ananiamini.

"Hata mimi napenda wanyama sana, nyabo, dada yangu. Huyo ako na mtoto? Maji ya hapo nafika kwa goti ama kwa kifua? Akishtuka nakimbilia upande gani?"

Nikamjibu yote, mwanangu, kama mtoto mbele ya mwalimu. Nikamalizia na mafundo: aanzie kwenye mawe ya kisima chetu, kando ya kinamasi, ayafuate yote saba. Akanishukuru sana, akasema atakuja kesho asubuhi kumtazama. Nikarudi nyumbani nimefurahi kama msichana aliyeposwa.

Jioni tulikuwa tunamenya mihogo, nikamweleza Senge kwa majivuno kwamba nimepata mtu mwenye moyo kama wangu. Akaacha kumenya.

"Alikuuliza inafanana namna gani?"

Nikafikiri. "Hapana, Senge."

"Aliuliza rangi yake?"

"Hapana."

"Lakini maji aliuliza."

"Ndiyo."

"Bambi, maskini Nabwire. Mtu yenye kupenda nauliza inafanana namna gani. Huyu ameuliza namna ya kushika."

Muhogo ulinidondoka mkononi. Kisha akaniuliza swali nililokuwa naliogopa, kama mafundo nimeyafungua, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Senge hakunipiga, wala hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali.

"Hii mambo ya kichwa kuoza tunaambia watoto," alisema. "Bibi zetu walikuwa wanafungua sababu ndani kuna wengine nakaa. Wewe umeita watu kwa nyumba ya mwenyewe, na mwenyewe ako na mtoto mchanga."

Kulipopambazuka tulikuwa tumeshaingia ndani. Nilidhani tutayafungua yale saba turudi haraka, maana yule mtu na wenzake wangeweza kutukuta humo wakati wowote. Senge akakataa. "Wakikosa fundo watatafuta wenyewe, na siku moja watampata. Kale, haya, tuwape fundo." Akafungua yangu yote, akaanza kufunga mapya kuanzia mawe yaleyale ya kisima. Alifunga kwa ufundi ambao sijauona tena. Alipitisha njia kila mahali penye tope zito na ruba wengi, akaizungusha kidogo kidogo, fundo baada ya fundo, hadi ikatokea nyuma ya jiko letu wenyewe, kinamasi kinapoishia. Mimi nilimfuata nikisikia pikipiki katika kila upepo.

Saa nne hivi wanawake wa kikundi chetu walikuwa wamekaa nyuma ya jiko wanashona majamvi. Mafunjo yakatikisika, wakatokea wanaume wanne, tope hadi kifuani, wana wavu na mikuki. Mmoja alikuwa na kiatu kimoja. Aliyetangulia alikuwa yule wa shati safi, ila shati sasa lilikuwa limebadilika rangi.

"Karibuni, wageni," Senge alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sindano yake. "Nyinyi natafuta nani?"

"Mama, sisi natafuta mbuzi yetu. Ilipotea."

"Oo, poleni. Nabwire, kimbia uite Chairman. Yeye anajua mbuzi yote ya kijiji. Na hiyo mikuki wekeni hapo chini, mtoto asijikate."

Hakuna aliyemsubiri mwenyekiti wa kijiji. Waliondoka kwa haraka, wavu unawanasa miguuni, na wanawake wakacheka hadi mmoja akajilaza juu ya jamvi alilokuwa analishona. Hatukuwaona tena Bulumbi. Nami nilicheka, kwa nguvu kuliko wote, hadi Senge aliponitazama na kicheko kikanikatika.

"Wewe unacheka nini? Simama, twende."

Alinipeleka hadi kwenye kile kitanda cha majani. Kilikuwa kitupu. Nzohe alikuwa amesikia pilikapilika zote za asubuhi ile, zetu na zao, akamchukua mtoto wake akahama. Nikamuuliza Senge kama wako salama.

"Wako hai. Lakini wewe hutamwona tena mpaka yeye apende."

Nililia njia nzima. Kisha ikaja adhabu: msimu mzima nisifunge fundo. Mkataji asiye na mafundo hawezi kuingia peke yake, kwa hiyo nilitembea nyuma ya wenzangu kama mgeni, nikikata yaliyobaki, na Athieno kule Malaba akiniuliza kila mara nzohe wangu wa kiboko hajambo. Nilikuwa na kiburi, na hakuna dawa ya kiburi iliyonifaa kama ile.

Msimu ulipoisha Senge akasema, "Lete ile rafiki yako." Athieno alikuja kutoka Tororo na kicheko chake tayari mdomoni. Senge alitangulia, akafunga mafundo yake, sisi tukashikana mikono nyuma yake, na alituambia tufunge midomo. Upande wa mbali kabisa, nilikokuwa sijawahi kufika, alituonyesha kwa kidevu. Nzohe alikuwa amesimama, na mtoto wake, mkubwa sasa, anakula vichipukizi kando yake. Kama alikuwa ni yule yule sijui. Senge alisema ndiye, nami nimechagua kumwamini. Athieno aliubana mkono wangu hadi ukauma. Tulipofika mbali ya kutosha akaninong'oneza, "Nisamehe, Nabwire. Ni ya kweli." Hajanicheka tena hadi leo, kwa jambo hilo angalau.

Kwenye fundo la kwanza la kurudia Senge alisimama akanipisha. "Fungua," alisema. Lilikuwa fundo la kwanza kuligusa tangu aniadhibu, na nililifungua kwa vidole vyangu vyote kumi.

Basi, mwanangu, jibu lako ni hili. Picha itume. Usifiche mnyama mzuri kama huyo, maana watu hawatamlinda wasiyemjua, na mimi sijazeeka ili nikufundishe kufunga mdomo. Msimulie, mwigize anavyotembea, wacha wacheke. Lakini ramani ifute kabla hujatuma, na ukiulizwa kwa upole sana, sikiliza wanachouliza. Anayeuliza rangi yake mwambie mengi. Anayeuliza maji yanafika wapi mwambie aje anywe chai kwangu, nyuma ya jiko. Na yule ambaye unampenda kweli na unataka amwone, usimtumie njia. Mlete. Mshike mkono, mtangulie, umtoe mwenyewe, kama Senge alivyotutoa sisi. Magoti yangu bado yana nguvu za safari moja, na mimi nataka kumwona huyo nzohe wako kabla hujampeleka mtu mwingine yeyote.

Mungu akupe macho ya kuwaona wote niliowakosa mimi kwa kelele zangu. Akuwekee miguu miepesi juu ya mizizi na marafiki wa kushikana nao mikono. Na kila utakapotoka kinamasini, akukute unafungua.