AC ilikuwa inachemka kila mchana nikamwita fundi mwizi, kumbe rimoti ilikuwa mfukoni mwangu

Habari zenu wakuu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Leo nauachia. Sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi unaniaibisha vya kutosha.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nilimaliza form four Morogoro, nikadandia malori. Nimekaa Tunduma, Songea, Mwanza, kila mahali mwaka mmoja au miwili kisha naondoka. Nimerudi nyumbani nikiwa na miaka arobaini na kitu, nikaoa, na mwaka huu ndiyo nimepata mtoto wa kwanza. Sasa hivi nanunua karanga Gairo nauza mjini.

Tumepanga upande mmoja wa nyumba ya enzi za Mjerumani, njia ya kwenda Bigwa. Waliowahi kuishi kwenye nyumba hizi wananielewa. Kuta za mawe, nene kama urefu wa mkono, dari iko juu kabisa, na karibu na dari kuna mstari wa matundu ya hewa. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba babu yake alibebeshwa mawe ya nyumba kama hizi kutoka mtoni, huku msimamizi akimfuata nyuma na kiboko. Mimi mambo ya zamani yananivuta sana, hivyo niliipenda nyumba kabla hata sijaingia ndani.

Mke wangu Prisca ni wa Mgeta, kule juu Uluguru. Mimi pia nililelewa kule na bibi mpaka darasa la nne. Kokote nilikozunguka, nilichokikumbuka ni ile baridi. Ukungu mlangoni asubuhi, maji ya kunawa yanauma vidole, majani ya kabichi yameloa mpaka saa nne.

Kwa hiyo Prisca alipokaribia kujifungua, na joto la Moro mnalijua, nikafunga AC chumbani. Nikatangaza kwamba mwanangu atalelewa kwenye baridi ya kwao.

Ili baridi isipotee, nikaziba yale matundu yote kwa mbao na saruji. Nilijiona fundi kuliko Mjerumani.

Mama mkwe akashuka kutoka Mgeta kuja kumlea mzazi na mtoto. Chumba kikawa chao watatu, mimi nikahamia sebuleni.

Hapa niseme kidogo kwa wasiojua. Kwetu mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe. Shikamoo yangu ya asubuhi nilikuwa naitoa nikiwa koridoni, marahaba inatoka ndani, basi. Mtoto wangu nilikuwa naletewa sebuleni.

Nikaweka masharti, nikamtuma Prisca ayafikishe. Mlango usiachwe wazi, madirisha yafungwe, AC isiguswe. Nyuzi 16, mchana na usiku. Na rimoti nikaitia mfukoni, naondoka nayo mpaka Gairo. Niliogopa mama mkwe ataibonyeza hovyo aiharibu.

Naona aibu hata kuiandika hiyo sentensi.

Wiki ya kwanza haikuisha vizuri, AC ikaanza vituko. Ikifika mchana, ile mashine ya nje inaunguruma bila kupumzika, inachemka hata mkono huwezi kuiwekea, kisha inazima. Ikipoa inawaka tena. Prisca akawa anasema hewa inayotoka ni ya uvuguvugu.

Nikamwita fundi, nimpe jina la Shaweji. Ni mtu wa maneno mengi na mikono miepesi. Akaiosha mashine ya nje kwa maji ya presha, akapima gesi akasema ipo. Akalaumu jua la magharibi, tukaweka kivuli cha makuti. Ikazima tena. Akabadilisha kapasita, kile kifaa kinachosaidia mota kuwaka. Siku mbili shwari, ya tatu ikazima.

Wakati huo huo Prisca akawa analalamika kichwa kinamgonga na mwili mzito. Alisema mtoto naye analala sana, mpaka kunyonya anaamshwa. Nikamwambia ni uchovu wa uzazi, nikanunua panadol. Moyoni nikawa nashuku gesi ya AC, na kwamba Shaweji amenifungia kapasita iliyotumika.

Ijumaa moja nikarudi mapema nikamkuta Shaweji ndiyo anafika, nilishampigia simu kwa hasira. Mashine imezima. Majirani walikuwa barazani wanachambua mchele. Mbele yao nikamwambia yeye ni mwizi, amekula hela yangu kwa kifaa kibovu, na mke wangu anaumwa kwa ajili yake.

Shaweji hakukasirika. Alisema vya nje ameshavikagua vyote siku zilizopita, sasa anataka kufungua filta ndani, kwa hiyo wenye chumba watoke.

Nikaenda koridoni nikapiga hodi.

Kimya.

Nikapiga tena, nikamwita Prisca. Kimya. Nikafikiri wamelala. Nikagonga kwa nguvu zaidi, nikasema, "Mama, shikamoo, kuna fundi hapa." Hakuna marahaba.

Wakuu, mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Mke wangu na mwanangu wako upande wa pili. Na mimi nikawa nawaza, je, kama mama mkwe anavaa? Nikauachia mlango nikarudi barazani kumwomba jirani mwanamke aje aingie kwa niaba yangu. Yule mama akaanza kutafuta kanga yake na kandambili.

Shaweji akaniangalia.

"Wewe ni mkwe," akasema. "Mimi humu ndani si mkwe wa mtu."

Akanipita, akafungua mlango.

Alitoka na mwanangu mikononi, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi kifurushi, akarudi ndani anapiga kelele tufungue madirisha. Mtoto alikuwa amelegea. Nikakimbia naye nje, na hewa ilipompata usoni akakunja uso, akalia. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Jirani akampokea mtoto, ndipo nikaingia. Prisca alikuwa kitandani anaguna bila kufumbua macho. Mama mkwe alikuwa chini kwenye mkeka, kichwa wazi. Kati yao palikuwa na jiko la mkaa, makaa mekundu, hayana moshi hata kidogo.

Nilimbeba mke wangu. Mama mkwe alibebwa na Shaweji na majirani. Hata pale niligeuza uso nisimwangalie, na sijui kama ilikuwa heshima au woga tu.

Tulipanda bajaji mbili mpaka hospitali. Walipewa oksijeni, Mungu akasaidia wote wakaamka. Daktari alisema ni hewa ya mkaa kwenye chumba kilichozibwa. Akauliza nani ameziba. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Na AC haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inapigana na jiko mchana kutwa, mpaka inachemka na kujizima.

Jioni nikaruhusiwa kuwaona. Mama mkwe alikuwa amekaa, kanga imemfunika mpaka puani. Akaniwahi yeye.

"Baba, nisamehe. Nilimwona mjukuu anapata baridi. Kule kwetu tukisikia baridi tunasogea jikoni. Humu sikujua nisogee wapi."

Rimoti ilikuwa mfukoni. Niliisikia pajani wakati anasema.

Nilikulia nyumba zile zile za Mgeta. Nimebeba ile baridi kichwani miaka yote, nikasahau kwamba katikati ya nyumba ya bibi kulikuwa na moto usiozimika.

Prisca alinieleza baadaye kwamba alitaka kuniambia, mama yake akamkataza. Alisema mkwe ameingia gharama kwa ajili yetu, tusionekane tunanung'unika. Usiku walijifunika mablanketi; mchana nikishaondoka, mama alikuwa anawasha makaa uani mpaka moshi uishe, ndipo anaingiza.

Shaweji nilimwita nikamwomba radhi pale pale barazani, mbele ya wale wale majirani. Alicheka. Siku hizi akiniona mbali anawaambia wenzake waniachie njia, nisije nikaibiwa kapasita.

Ninachowaomba wenye familia: mkaa usiingie chumba cha kulala, hata uwe mwekundu kiasi gani. AC ikichemka, kabla hujamgeukia fundi, jua kwanza chumbani kuna nini. Na rimoti ikae kwa anayelala humo.

Prisca na mtoto wamepanda Mgeta na mama yake kumalizia arobaini. Wapo salama. Nikipiga simu, mama mkwe anasogezewa tunasalimiana, na kila mara swali lake ni moja: "Ile mashine ya baba imepona?"

Anadhani yeye ndiye aliyeiharibu. Kila mara nimejibu imepona, nikakata simu.

Jumamosi napanda kuwafuata na nataka nimwambie ukweli ana kwa ana. Kwa mila unatanguliza mtu mzima akusemee. Lakini maneno yangu yote kwake nilikuwa namtuma mtu ayafikishe, na ndiyo yaliyotufikisha hapa. Wenye wakwe nielekezeni: niende na mzee, au niende mwenyewe nikapige magoti?