Ng'ambo ya Nani

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni mpaka mwisho ndipo muulize. Mna tabia ya kuuliza katikati.

Juzi mmoja wenu alinionyesha kwenye simu watu wa konje, wazungu wa likizo, wamekaa ndani ya mashua yenye tanga jeupe. Leo wanalala kisiwa hiki, kesho kile. Akaniambia pwani ya huku ni ya Wagiriki na ya kule ni ya Waturuki, nayo mashua inapita katikati kama sindano. Kisha akanihurumia. Akasema, bibi, wewe hujaona hata kisiwa kimoja.

Wagiriki nawajua. Mmoja alikuwa na duka la vitambaa hapa Rumonge, na mama zenu hawajazaliwa. Na konje ya mashua, ya pwani mbili, nimeifanya. Njia ile nimeipita tena baadaye, lakini mara hiyo haikuwa konje.

Mimi nilizaliwa Ubwari, ile milima ya Kongo mnayoiona ziwani mvua ikishakatika. Kwetu Ubwari, mtu akisema ng'ambo, ananyosha kidevu kuonyesha Rumonge. Hapa Rumonge, mtu akisema ng'ambo, ananyosha kidevu kuonyesha Ubwari. Neno ni hilohilo, kidevu ni hichohicho. Lishikeni hilo, maana haya yote ninayoandika yanatoka hapo.

Niliolewa Rumonge mwaka wa Uhuru. Mume wangu alikuwa fundi wa cherehani sokoni, amekaa mlangoni mwa duka la yule Mgiriki. Mwaka ule kila mwenye nyumba alitaka bendera, na yeye alishona bendera mpaka vidole vikachoka kupinda. Sherehe zilipokwisha, kitambaa cha kijani kikabaki. Baba yake mdogo alikuwa na mashua ya kubeba mawese, na tanga lake limechanika. Mume wangu akalitia kiraka cha kijani, kikubwa kama mlango. Kama ahsante, baba mdogo akasema atatutembeza, bwana na bibi arusi, mpaka tuchoke.

Mama mkwe akasema haiwezekani mwali akae majini na wanaume bila mwanamke mkubwa. Akaja na mkeka wake, na birika ya chai, na mdomo wake. Kutoka Rumonge mpaka Gitaza alitapika. Kila akimaliza kutapika anainua kichwa kumwambia shemeji yake anaendesha vibaya. Baba mdogo alimjibu kwamba samaki wanamshukuru sana, mama, usiwanyime.

Visiwa hatuna, pwani yetu ni moja imenyooka. Mume wangu ndiye aliyeita kila mahali tulipotua kisiwa. Gitaza kilikuwa kisiwa cha kwanza: ndagala zimeanikwa mchangani mpaka hakuna pa kukanyaga, wanawake wanatufukuza, msitupigie kivuli, samaki hazitakauka. Kabezi kisiwa cha pili. Pale tulikunywa chai ya mama mkwe, akatengeneza tangawizi nyingi kwa kisasi. Kutoka Kabezi tungevuka kwenda pwani ya Kongo, tuteremke nayo polepole mpaka Ubwari, wazazi wangu waone nilipoolewa nimenenepa.

Hapo Kabezi ndipo neno lilipoanza. Mume wangu alifunga kamba akasema kesho tunakwenda ng'ambo.

Nikamwambia, "Ng'ambo ndiko tulikotoka. Kesho tunakwenda kwetu."

Baba mdogo akaacha kikombe. "Haya, huyu mwanamuke ametuhamisha. Mimi nimezaliwa Rumonge, leo nimekuwa mutu wa ng'ambo."

Mume wangu alicheka. Alikuwa na cheko la puani, kama mtu anayezuia chafya. Akasema, "Basi, nimeoa mutu, nimeoa na neno lake. Kuanzia leo kwangu ng'ambo ni Rumonge."

"Kwako," mama yake akasema. "Mimi sijaolewa na mutu wa Ubwari. Ng'ambo yangu iko palepale."

Ikawa hivyo. Miaka yote tuliyokaa, jioni akikunja cherehani aliwaambia wenzake wa sokoni anakwenda ng'ambo, maana yake nyumbani kwetu, hapahapa Rumonge, na anacheka lile cheko. Akisema na watu wengine mambo ya kweli, ya biashara, ya wagonjwa, alisema ng'ambo kama Mrumonge yeyote, yaani Kongo. Ukitaka kujua ni ng'ambo gani, ulisikiliza kama amecheka.

Sasa mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji. Mnajua. Kama hamjui, kuna wakubwa wenu, waulizeni, na mkubwa akinyamaza mwacheni. Mimi nitasema ya nyumba yangu tu.

Mume wangu alikuwa amekwenda Kabezi kupima watoto wa shule nguo. Mambo yakaharibika huku Rumonge kwanza, kisha kila mahali. Barabara ikafungwa. Gatete, kwenye shamba letu la mihogo, moshi ulikaa tangu asubuhi, na hakuna aliyeuliza ni wa nini. Nyumbani tulikuwa mimi, watoto wawili, na mama mkwe. Niliendelea kupika. Nilifagia uwanja, nikaufagia tena. Watu wananiuliza mpaka leo kama niliogopa. Sikumbuki. Nakumbuka ufagio ulikuwa mpya na unachoma mkono.

Akaja mwanamke mmoja wa Gitaza, muuza ndagala, tulikuwa tunamjua. Alipita milimani kwa miguu. Hakukaa, alisimama mlangoni akanywa maji. Alisema amemwona mume wangu Gitaza, mzima, anakuja polepole, anajificha mchana. Nikamuuliza ametuma neno gani.

"Amesema, mwambie mama wa watoto anisubiri ng'ambo."

"Alivyosema, alicheka?"

Yule mwanamke aliniangalia kama nimerukwa na akili. Akafikiri. Akasema ndiyo, kama alicheka, au alikuwa na mafua, alitoa kitu puani.

Nikamgeukia mama mkwe. Nikamwambia amecheka, basi ni ng'ambo yangu. Anasema tumsubiri hapahapa, anakuja tuvuke pamoja.

Mama mkwe alikuwa ameshaanza kufunga mkeka. Baba mdogo alikuwa ametuma neno alfajiri kwamba mashua inaondoka kabla ya adhuhuri, na hairudi tena. Alisema bila kuniangalia, "Mutu anakimbia kifo, wewe unasema anafanya muchezo. Huyo nimemuzaa mimi, na maneno nimemufundisha mimi. Ng'ambo ni Kongo. Yuko Gitaza, atavuka na wavuvi wa kule, atatungoja kwenu. Beba mutoto."

Na hayo nayo yalikuwa na akili. Gitaza kuna mitumbwi, kwa nini mtu atembee mpaka Rumonge kwenye moto? Nilisimama na mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Kila upande niliousikiliza ulikuwa na haki. Lakini mwenye kuamua katika nyumba ile alikuwa mmoja, na hakuwa mimi. Mkwe alisema, tukatoka. Nilifunga mlango nikaacha ufunguo juu ya dirisha, mahali anapopajua.

Mashua ilikuwa ileile, na kiraka kilekile, kijani kimepauka kimekuwa rangi ya majivu. Mama mkwe alikaa palepale alipokaa mwaka wa Uhuru. Hakutapika. Baba mdogo hakumtania. Kulikuwa na watu wengi. Nilitazama nyuma mpaka minazi na michikichi ikawa mstari mmoja. Nilifikiria sufuria ya maharage niliyoiacha jikoni. Nilifikiria sana ile sufuria. Niliona afadhali ningeifunika, nzi wasiingie.

Kwetu Ubwari walitupokea. Mume wangu hakuwapo. Tukasema atakuja kesho. Mama mkwe alikaa ufukoni na birika, na kila mtumbwi uliotoka Gitaza aliuendea mpaka maji yakamfika magotini. Watu walishuka, wengine aliwajua. Hakumwuliza mtu kitu, alitazama tu nyuso zikiisha.

Aliyetuletea habari ni jirani yetu wa Rumonge, mzee mwenye duka la chumvi, aliyevuka baadaye kabisa. Alituambia ameketi, na mama mkwe yupo, na mimi napepeta mchele. Mume wangu alifika nyumbani. Alikuta mlango umefungwa, akachukua ufunguo, akaingia, akatoka. Maharage alikula, jirani alimwona amekaa kizingitini anakula kwenye sufuria. Akamwuliza jirani wako wapi. Jirani akamjibu wamekwenda ng'ambo, kama ulivyowaambia.

"Akasemaje?" mama mkwe akauliza.

"Akauliza, ng'ambo ya nani?"

Jirani hakuelewa swali. Akamwonyesha Ubwari kwa kidevu. Mume wangu akatikisa kichwa, akacheka lile cheko, akaenda ufukoni kutafuta chombo. Vyombo vilikuwa vimekwisha. Siku ileile lori lilikuja likachukua wanaume waliokuwa ufukoni. Jirani hakuona kama na yeye alipanda, aliona tu ufuko baadaye, hauna mtu.

Niliendelea kupepeta. Mama mkwe alisimama, akachukua birika, akaimwaga chai yote mchangani, akaiosha, akaining'iniza. Tangu siku ile hakwenda ufukoni. Sikumlaumu, na yeye hakuniomba chochote. Alisema kile anachokijua, na mwanawe naye alisema anachokijua, kwa mdomo wa mwanamke aliyekuwa na haraka. Tuliishi naye Ubwari chumba kimoja, tukala sahani moja, mpaka alipofariki, ndipo mimi nikarudi huku Rumonge. Eda ya mume wangu sikukaa, kwa sababu hakuna aliyeniletea neno la kifo. Na kuolewa tena sikuolewa, kwa sababu hiyohiyo.

Watoto ndio walioniletea kazi. Wageni wakiuliza baba yenu yuko wapi, yule mdogo alijibu haraka, kama somo la chuoni: "Baba iko ng'ambo." Nani alimfundisha, sikuuliza. Na alikuwa anasema kweli kwa kila namna. Mimi nikisikia nilijua anasema Rumonge. Bibi yake akisikia, sijui yeye alisikia ni upande gani.

Siku moja tulikuwa tumekaa kula, mgeni akauliza, mtoto akajibu. Mama mkwe alikuwa ameshakata tonge. Akalirudisha kwenye sinia, taratibu, akanawa mkono na kutoka nje. Hakuwahi kuacha chakula maisha yake yote. Nilimwona kwa mlango, amesimama anatazama Rumonge, na Rumonge haionekani, kulikuwa na ukungu.

Nilimwendea, nikamshika mkono, nikamrudisha, nikamkalisha mahali pake. Ndipo nikasema na nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, na mgeni akisikia: "Kuanzia leo, ndani ya nyumba hii mutu asiseme ng'ambo. Kama ni Rumonge, sema Rumonge. Kama ni Ubwari, sema Ubwari. Kama haujui mutu iko wapi, sema sijui. Sasa sogezeni sinia karibu na mama, mukule."