Kompyuta Iliyovaa Maua Mekundu

Mpaka leo nikiwasha kompyuta kongwe, harufu ya vumbi linalopata moto ikanijia puani, mie hurudi moja kwa moja kwenye stoo ya nyumba yetu ya Al Khoudh, Maskati, miaka ya tisini inaelekea kwisha, Ami Khalfan ananigombeza: "Nyoosha shuka, Zuhura! Hayo makunyanzi yote ya nini?"

Ami, mdogo wake baba, alikusanya kompyuta za zamani za kubeba mkononi. Wenziwe walikusanya majambia. Yeye mashine ambazo watu wameshazichoka. Alizitafuta Matrah kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, akazisugua kwa mswaki, kisha akazipiga picha mbele, nyuma na ubavuni, mie nimeshika shuka jeupe nyuma yake. Mikono ikiniuma kweli, lakini kazi hiyo simwachii mtu.

Kongwe kuliko zote ilikuwa sanduku zito lenye mpini juu. Hiyo alinunuliwa na Babu, marehemu baba yake, na ndiyo aliyojifunzia. Nyengine angekupa ukimwomba vizuri. Hiyo? Thubutu!

Sasa Bibi yetu, kama mabibi wengi wa Kizanzibari pale Maskati, hakuweza kuona kitu kinakaa uchi ndani ya nyumba. Televisheni ina kifuniko, simu ina kifuniko, friji lina kitambaa chake na lesi. Basi akazishonea na kompyuta za Ami. Ile ya Babu akaivisha maua mekundu, kitambaa kilekile alichoshonea kifuniko cha cherehani chake cha mkono. Vikakaa stoo ubavu kwa ubavu kama mapacha.

Siku moja Bibi akawa anapeleka mizigo kwa jamaa Unguja, na cherehani chake kimo, zawadi kwa mdogo wake, Bi Zuwena. "Chukua hilo la maua mekundu," akamwambia dereva wa mizigo kutoka jikoni, huku anakoroga halua. Dereva akachukua.

Alasiri Ami akaja na kamera mpya, akaniita nishike shuka. Akafunua kifuniko cha maua mekundu. Cherehani!

Bibi aliposikia, alikaa chini palepale sakafuni. "Khalfan mwanangu, nshakuharibia. Kitu cha baba yako!"

"Mashine tu ile, mama," Ami akasema, akimshika mkono. "Usijipandishe presha. Twende."

Tukashika njia ya bandarini, Matrah. Bibi anavuta uradi, mie nimepakata cherehani, Ami kakaza macho barabarani.

Kwa wakala wa mizigo alitupokea bwana mmoja wa Tanga. "Shikamoo, bibi. Kontena ndio tunalifunga hivi sasa. Mzigo wenu una nini?"

"Kompyuta."

"Mbona mliandikisha cherehani?"

"Tumekosea, baba. Lina kifuniko cha maua mekundu, lesi nimeitia kwa mkono wangu."

Yule bwana akacheka, akapanda juu ya maboksi, akapotelea ndani. Tukangoja. Loo, tulingoja! Mara sauti ikatoka: "Maua haya hapa, bibi!"

Bibi akapiga kigelegele mbele ya wapagazi wote. "Masikini Zuwena, angetafuta pa kutia uzi mpaka kesho!" Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Ami tu ndiye aliyegeukia ukutani, anajifuta uso kwa ncha ya kilemba.

"Ami, vumbi?"

"Vumbi," akanijibu.

Nikaamini. Na lile neno lake la "mashine tu ile" nikaliamini pia, miaka mingi. Nilipompoteza baba yangu mwenyewe ndipo nilipojua Ami alikuwa amebeba nini siku ile, na kwamba alikimeza chote ili mama yake apate kunyanyuka sakafuni.

Siku hizi kanikabidhi kompyuta zake zote, mpiga picha ni mie. Katika picha zake za zamani kila mashine iko wazi mbele ya shuka jeupe, isipokuwa ile ya Babu. Hiyo, tuliporudi siku ile, aliipiga imevaa. Utotoni nilidhani anamtania Bibi. Juzi, ilipofika zamu ya kuipiga upya, mkono wangu ulishafika kwenye kifuniko nikivue. Nikainyoosha lesi vizuri, nikapiga.