Seramu Yenye Moshi wa Bibi

Acheni niseme mwenyewe kabla Buseresere nzima haijawasimulia. Saluni kwangu nauza seramu ya kupaka usoni, ya eksosomu, yaani vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, vya maziwa yaliyochachushwa. Ilipoisha, mimi mjanja nikajaza chupa maji ya mtindi wa nyumbani. Nikampaka Mama Kulwa, jirani yetu tangu utotoni mwangu, huku najigamba, "Hii imetoka Korea!"

Akavuta pumzi, akafumba macho. Nami harufu ikanifikia: moshi wa kibuyu cha marehemu bibi, ninachogandishia mtindi na kukifukiza hadi leo kwa mti uleule aliokuwa akitutuma sisi wajukuu tukaulete porini, kisha akitusubiri mlangoni na kikombe cha mtindi.

Mama Kulwa akafuta machozi pamoja na seramu yangu.

"Mwanangu, bibi yako alihamia Korea lini?"