Siku Mbwa ya Amisi Ilikoroma Chini ya Maiti

Ni mimi nilipiga kelele. Nasema mbele, mutu asizunguke Kasongo akidai nakataa: mimi, muzee muzima, nilisimama katikati ya kilio cha kifo cha shemeji yangu Bonifasi nikalia, “Iko napumua! Funueni sura, iko napumua!” na nyumba yote ikatoka, hata katekista Fidele, yeye wa kuhubiri ufufuko kila Pasaka, akapita dirishani (dirisha ni dogo, shati lilibaki pale).

Mwenye kosa ni Amisi, munegosia, muchuuzi wa zahabu wa Salamabila. Alileta toka Goma mbwa ya pua iliyoingia ndani, sura kama imekanyagwa na pikipiki, akaniachia: “Yaya, kaka yangu mukubwa, uiangalie siku tatu tu, jua isiipige.” Nikauliza, “Na hii sauti?” maana ilivuta pumzi kama mutu mwenye kamba shingoni, hrrr, inanyamaza, tena hrrr. Akacheka: “Ndiyo kabila yake, inazaliwa hivyo.” Mbwa zetu zinafukuza panya ya pori kutwa nzima, hii ilienda mpaka chooni tu, ulimi ukawa bluu!

Basi kilio kikatukuta. Ningeiacha kwangu, joto ya mabati ingeiua, nikaifunga nyuma ya nyumba ya dada yangu Veronika, mujane mwenyewe. Ikakata kamba, ikatafuta baridi, na baridi ilikuwa simenti ya chini ya kitanda cha marehemu, ndani ya shuka iliyofika chini. Vita ilishanilaza kati ya maiti, najua maiti inavyonyamaza. Ndiyo sababu niliposikia hrrr nilisadiki kuliko wote.

Dada yangu peke yake hakukimbia. Alifunua sura ya bwana yake, akamupiga kofi ndogo ya shavu: “Baba Mado, amuka, walitaka kukuzika.” Akangoja. Ndipo mbwa ikatoka chini ya shuka, ikapiga chafya, na watu waliochungulia toka nje wakaanguka kwa kicheko.

Veronika akaniangalia pale mulangoni: “Ulikuwa umenirudishia bwana, sasa umemuua.”

Kwenye soko wananisalimia hrrr, nakubali. Mbwa ya mutu sitaichunga tena, hata yenye pua ndefu kama ya tembo. Lakini musamaha nimeomba mara tatu, na mara tatu dada amefunga mulango. Amisi, toka Salamabila, uje ukae chini mbele yake, umwambie nani anazalisha munyama asiyeweza kupumua, na kwa nini wewe ulifurahi kuinunua. Anakungoja wewe, si mimi.