Kilichokwenda na Figo Yangu

Kabla ya kutupasua, daktari kule Nairobi alituketisha mimi na ndugu yangu mdogo, akatueleza jambo ambalo nadhani yeye alilisahau siku hiyo hiyo.

"Sister, damu yako inaonyesha ulipatana na hii virus kitambo," aliniambia. "Wengi wetu tuko nayo, imelala tu. Lakini huyu brother bado. Figo yako ikienda kwake, itaenda nayo. Watu kama yeye ndio tunaogopea zaidi."

Ndugu yangu angemeza tembe za kuizuia kwa miezi kadhaa. Hatari ingekuja tembe zikiisha, kwa sababu dawa za kuufanya mwili usiikatae figo zingekuwa zimeshusha kinga yake. Damu ipimwe mara kwa mara, na homa yoyote isichezewe.

"Hata ikuje na funza," ndugu yangu akasema, "mimi naitaka."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa naogopa.

Tuliporudi nyumbani mtaa wa Section 58 baada ya miezi ya kliniki Nairobi, mwaka wa 2007 ukielekea kuisha, nilikuwa mtakatifu. Kanisani nilisimamishwa nikapigiwa makofi. Mama alinichinjia kuku akanipa firigisi, ambayo kwetu haipewi mwanamke. Niliila huku wote wakinitazama, nikaimeza kwa shida.

Kisha Mama akaanza ulinzi. Aliweka beseni la maji na sabuni mlangoni. Kwetu mgonjwa hushikwa mkono, huwekewa mikono kichwani akiombewa, lakini sasa kila mgeni aliishia kwenye beseni. Hata mchungaji aliombea akiwa nje kwenye ngazi.

"Mum, ile kitu daktari anaogopa iko ndani tayari," nilimwambia. "Ilitoka kwangu."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mtu ametoa figo hawezi leta ugonjwa. Usirudie hiyo maneno."

Januari vita vya baada ya uchaguzi vikatufikia. Miezi ya tembe ilikuwa imekwisha, barabara ya Nairobi haipitiki, na damu ya ndugu yangu haikupimwa. Wakati huo huo mdogo wake Mama alikimbia kutoka Ndabibi na watoto wake, wakatufikia na blanketi moja na sufuria. Mama aliwakumbatia kwa machozi, kisha akawaonyesha beseni. Kitinda mimba wao, msichana mdogo, alikuwa na mafua. Alinawa kila alipopita mlango ule, hata ngozi ya vidole ikajikunja.

Ndugu yangu akashikwa na homa, akaharisha, akakataa chakula. Mama hakuuliza kuhusu tembe. Aliuliza ni nani amekuwa akikohoa.

"Ni sisi," mama mdogo akasema kabla hajatajwa.

Nilipiga kelele. Niligonga meza vikombe vikaruka, nikasema si watoto, ni figo yangu, daktari alitabiri tukisikia kwa masikio yetu. Mama akasema nimechoka, nikalale. Mama mdogo alikunja blanketi lake taratibu, akaenda na watoto kuishi kwenye mahema ya wakimbizi, uwanja wa maonyesho.

Barabara ilipofunguka kidogo tulimpeleka ndugu yangu Nairobi. Damu ilionyesha virusi vile vile. Safari hii daktari alimweleza Mama mwenyewe.

"Kwa hivyo ni huyu?" Mama akauliza, akinionyesha kwa kidevu.

"Si makosa yake, mathe."

Yalikuwa maneno mazuri na hayakunisaidia kitu. Niliketi kando ya kitanda nikitazama dripu ikitona, nikijichukia. Nilikuwa nimepigiwa makofi kwa kitu kilichokuwa kikimmaliza ndugu yangu. Nikaanza hata kujiuliza kama nilimpa figo kwa upendo au kwa kutaka kusifiwa.

"We, acha kuniangalia hivyo," ndugu yangu akasema siku moja, midomo imemkauka. "Hii yako isingekuja, saa hii ningekuwa kwa kaburi na damu safi."

Alipona. Figo ilishika, ingawa haikurudia nguvu zake zote, na kila nikisikia amepimwa, simu haitoki mkononi mwangu hadi majibu yatoke.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mimi na Mama tulikwenda uwanjani, Mama akiwa amebeba kuku mzima kwenye kikapu. Alisimama mbele ya hema la mdogo wake akashindwa kuanza.

"Nisamehe, my sister," akasema mwishowe. "Haikuwa watoto."

"Najua. Huyu msichana wako alisema siku ile."

Yule kitinda mimba alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mafua yameisha kitambo. Nilimnyooshea mkono. Akaficha mikono yake mgongoni.

"Ngoja," akaniambia. "Sijanawa."

Nikamwambia si lazima, nikamwambia njoo tu, lakini alikuwa ameshakimbia kutafuta maji.