Siku Niliyomdanganya Daktari

Ipo siku moja nikiikumbuka huona haya mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa mama kijana hapa Mshangano, mjuaji kama wengi wenu. Tukienda shamba kupanda mahindi, baiskeli iliteleza kwenye tope. Tumaini, binti yangu wa miaka mitano, akaanguka kutoka kwenye keria, na mfuko wa mbolea ukamwangukia pajani.

Nikampeleka kwa jirani anayekanda viungo. Alimkanda kwa maji ya moto na mafuta, akasema mguu umerudi. Baadaye Tumaini akaanza kutembea, lakini akichechemea, mguu mmoja umefupika na kugeukia ndani. Nikajipa moyo: si anatembea? Ngoja tumalize palizi. Palizi ikaisha, kuchechemea hakukuisha.

Hospitalini mjini, daktari mmoja mzee aliitikia shikamoo yangu, akauliza, “Mtoto ameanguka lini, mama?”

Niliogopa kuonekana mzembe. “Juzi tu,” nikasema.

Tumaini akanitazama. “Mama, siyo juzi. Niliangukaga siku ile tunaenda kupanda mahindi.”

Ardhi ingepasuka ningeingia.

Daktari hakunifokea, na hilo ndilo lililoniliza. “Nyonga yake imetoka mahali pake. Ingekuwa ya juzi, tungempa dawa ya usingizi tukairudisha kwa kuivuta. Hii imeshakaza. Ningekuamini nikaivuta hivyo, ningeweza kumvunja mfupa. Mficha uchi hazai, mama.”

Tukalazwa. Mguu ulifungiwa uzito ukavutwa polepole siku nyingi, kisha akapasuliwa, nyonga ikarudishwa, akafungwa plasta kuanzia kiunoni. Nilikuwa nikimgeuza kitandani huku machozi yananitoka. Alipona, namshukuru Mungu, ila nyonga humuuma akipanda mlima. Yeye alinisamehe zamani. Mimi bado sijajisamehe.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu. Mtoto akianguka akashindwa kukanyaga, au mguu ukageuka, usimkande wala usingoje palizi iishe. Mwahishe hospitali siku hiyohiyo akapigwe picha. Na kama umeshachelewa, sitakucheka, maana nilikutangulia. Nenda hivyohivyo, useme siku aliyoanguka na mikono yote iliyomshika. Aibu yako utaimeza wewe. Mfupa ukivunjika ni wa mtoto.

Mungu awape wanao miguu ya kukimbilia, na wewe akupe ulimi wa kuwasemea kweli.